Apendisi Iliyobaki Ulaya

Mtu akinisimulia kwamba siku hizi madaktari hawapasui tena tumbo, kwamba wanatoboa tundu tatu ndogo tu, wanaingiza kamera na vyuma vyembamba, wanakata apendisi na kuivuta nje bila kuacha kovu la maana, mimi namwacha aseme. Akishamaliza kusifu namuuliza: na familia, inaona nini? Wengi wanacheka. Mimi sicheki. Kwetu Kisangani, wakati ule nchi bado inaitwa Zaïre na chama kikiwa kimoja tu, ugonjwa ulikuwa mali ya ukoo mzima, na kitu kilichotolewa tumboni mwa mtu kilikuwa mali ya ukoo vilevile. Nikikumbuka yaliyompata mdogo wangu, damu inanipanda hadi leo, na nimeshazeeka, sina tena nguvu za kupandwa na damu.

Nianze na tumbo langu, maana nalo lilitiwa katika kesi bila kuombwa ruhusa.

Mimi nilipasuliwa ile ya kawaida. Nilikuwa msichana, nasomea ualimu. Maumivu yalianzia kitovuni, yakashuka upande wa kuume, nikawa natapika hata maji. Walinifikisha hospitalini nimejikunja, lakini daktari hakugusa kisu mpaka tonton, kaka yake mama, alipotoka mtaa wa Mangobo kwa baiskeli. Kwetu mwanamke hapasuliwi hivihivi. Awe ameolewa au hajaolewa, lazima wakubwa wakae waseme ndiyo, kwa sababu akifia mezani, aliyekubali peke yake ndiye atakayejibu kifo. Tonton akafika anahema, akasema ndiyo, wakaniingiza.

Kilichofuata nilisimuliwa, nilikuwa nimelala. Daktari alitoka na kibeseni cha chuma, na ndani yake apendisi yangu, imevimba, nyekundu, inakaribia kupasuka. Ndivyo ilivyokuwa: daktari anatoa kitu, anakionyesha, familia inaridhika. Mama aliangalia. Shangazi wawili waliangalia. Tonton alitafuta kwanza miwani yake. Jirani aliyekuja kuniletea uji aliangalia, na mume wa jirani pia. Mama akasema, "Kumbe ni kadudu kadogo hivi ndiyo kalitaka kuniulia mutoto?" Apendisi yangu imeonwa na watu wengi kuliko picha yangu ya harusi.

Kovu ninalo mpaka sasa, limekunjamana upande wa kuume. Nilikaa wiki nyingi bila kuinua ndoo. Nikitaka kukohoa nilishika tumbo kwa mikono miwili, na mtu akinichekesha nilimtukana. Kwa hiyo asije mtu kuniambia kwamba nasifia kisu. Kisu kinauma, bwana.

Mdogo wangu wa kike aliolewa na mtu wa ofisi. Kijana nadhifu, abacost yake, ile suti isiyo na tai, imepigwa pasi, beji ya chama kifuani, kwenye mikutano ya chama ana mdomo usiochoka. Alipotumwa Ubelgiji kusomea kazi yake mwaka mzima, alimchukua mke wake, na binti yao mdogo akabaki kwa bibi yake, mama wa bwana, kule mtaa wa Tshopo. Mtoto alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Mdogo wangu alilia uwanja wa ndege mpaka nikaona aibu.

Huko Ulaya, ugonjwa ule ule ukamshika. Tumbo upande wa kuume, kutapika, homa. Mume wake ndiye aliyemfikisha hospitali, ndiye aliyeweka saini, ndiye aliyeketi kwenye korido ameshika viatu vya mke wake ndani ya mfuko wa plastiki. Mdogo wangu alinieleza yote haya, na hata siku ya leo naviona vile viatu. Daktari wa kule akamwambia kuna njia mpya, ndiyo wanaianza, hakuna haja ya kumfungua tumbo: tundu moja kwenye kitovu, mbili chini yake, basi. Kesho yake mdogo wangu alikwenda choo kwa miguu yake. Baada ya siku chache akarudi nyumbani na kupika. Alipomuuliza muuguzi, "Na kile kitu mulitoa kiko wapi?", muuguzi hakuelewa swali. Kilipelekwa maabara, kikatupwa huko. Apendisi ya mdogo wangu ikabaki Ulaya, bila mtu wa kwetu hata mmoja kuiona.

Bon. Wakarudi. Mama-mkwe wake akawapikia lituma, ndizi za kupondwa, na samaki wa kukausha, nyumba imejaa. Mama yule ni mtu wa mtoni, wa familia za wavuvi wa kule kwenye maporomoko, ameuza samaki sokoni tangu ujana wake. Katikati ya chakula mdogo wangu akasema, kwa furaha tu, kwamba alipasuliwa kule na amepona vizuri.

Mama-mkwe akaweka tonge chini.

"Balikupasua? Nani alikubali?"

Mdogo wangu akageuka kumtazama mume wake, ili ajibu. Na yule bwana, huku anachambua miba ya samaki, akasema:

"Mama, mie sikuwako. Nilikuwa ku masomo. Nilikuta balishamaliza."

Basi. Maneno machache hivyo, kwa sababu aliogopa kuulizwa kwa nini hakungoja wakubwa wakubali. Angekuwa mwanaume angesema: mama, ilikuwa mbali, hakukuwa na njia ya kuwauliza, mke wangu alikuwa anakufa. Mama angenung'unika, angemaliza. Lakini hapana. Alijiosha yeye, akampaka mke wake matope. Tangu dakika ile mdogo wangu akawa mwanamke aliyejipeleka mwenyewe kupasuliwa, kwa siri, mume wake yuko shuleni.

Walimwingiza chumbani, mama na shangazi mmoja wa bwana, wakamwambia apandishe blauzi. Wakatafuta kovu. Wakaona alama tatu, kama za kuchanjwa na wembe, na ile ya kitovuni hata mwanga ulikuwa hautoshi kuiona. Mama akatoka nje, anapiga makofi kwa mshangao.

"Opération gani hii? Mie nimefungua samaki maisha yangu yote. Kama unataka kutoa matumbo, unafungua tumbo! Unaweza kutoa matumbo ya samaki kwa tundu ya sikio?"

Watu wakacheka. Yeye hakuwa anacheka. Miaka ile maneno yalikuwa yanazunguka sokoni, kwamba kuna wanawake wanafungwa uzazi kwa tundu dogo la kitovuni, bila kovu, bila mume kujua. Na mdogo wangu, tangu binti yule, hakuwa ameshika mimba nyingine. Mama akajumlisha mwenyewe kichwani. Alipopata jibu lake akalisema mbele ya wote: "Huyu alikwenda Ulaya kufunga uzazi yake. Mutoto atabaki hapa kwangu mpaka nijue ukweli. Mwanamuke mwenye anakataa kuzaa, mutoto ni wa nini kwake?"

Mnaelewa sasa? Mdogo wangu alikuwa amemwota yule mtoto mwaka mzima. Alirudi, mtoto hamjui, anamkimbia, anajificha kwenye kitenge cha bibi. Na wakamwambia aende zake nyumbani kwa mume wake, mikono mitupu, aje kumsalimia mtoto kama mgeni.

Alileta karatasi ya hospitali. Ilikuwa ya Kifaransa, na mwenye kusoma Kifaransa katika nyumba ile ni nani? Mume wake. Aliisoma kimya kimya, akaikunja, akasema, "Ah, ni mambo ya kidaktari," akaitia mfukoni. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu ilitoka Ulaya ikafika Tshopo bila kukatika.

Kisha wakaniita mimi. Kikao cha familia mbili, uani kwa yule mama, viti vimepangwa, tonton wangu yuko, mimi sijui nimeitiwa nini. Mama yule akasimama, akanionyesha kwa mkono, akaniita bokilo, yaani mkwe.

"Bokilo, tunakuomba. Simama, onyesha batu opération yako."

Nilifikiri nimeota. Mwalimu wa shule, mama wa watoto, nisimame mbele ya wanaume nipandishe blauzi! Nikamtazama mdogo wangu. Alikuwa ameinamisha kichwa, anavuta uzi kwenye kitenge chake. Nikasema moyoni, kama tumbo langu linaweza kumsaidia, walione. Nikasimama. Nikapandisha. Mama akaita watu wasogee.

"Munaona? Hii ndiyo opération! Batu balikubali, batu baliona kitu chenye kilitoka. Mwenye anaficha uchi hazai, ni wakubwa balisema. Na wewe," akamgeukia mdogo wangu, "ya kwako iko wapi?"

Kumbe sikumsaidia. Nilikuwa ushahidi dhidi yake. Hasira ikanijaa mpaka masikioni. Nikateremsha blauzi, nikamwendea shemeji yangu pale alipokaa na abacost yake.

"Sema! Ulikuwako! Ulishika viatu vyake! Uliweka saini kwa mukono yako! Sema mbele ya mama yako!"

Hata hakunyanyua macho kunijibu mimi, yaya, yaani dada yake mkubwa.

"Yaya, usiingie mambo ya nyumba ya batu."

Mambo ya nyumba ya watu! Na tumbo langu lilikuwa la nyumba ya nani? Tonton akanishika mkono akanitoa nje, la sivyo ningemvunjia kiti kichwani. Kwa chama aliweza kusimama juani asubuhi nzima anapiga kelele za kusifu. Kwa mke wake, sentensi moja ilimshinda. Mama yule mimi nilimkasirikia, ndiyo, lakini alikuwa anasema anachokiamini. Huyu alijua.

Yakapita majuma. Mdogo wangu akakonda. Alikwenda Tshopo kila alipoweza, mtoto akaanza kumzoea, akaanza kumwita mama, na jioni ilipofika mtoto analia, yeye analia, bibi anasema, "Ukweli kwanza." Siku moja alikuja kwangu akaniuliza, "Yaya, daktari akifungua tumbo ya mutu mwenye hana apendisi, anaweza kujua kama ilitolewa?" Nikamjibu lazima atajua, si ataona mahali palipokatwa. Akasema, "Na uzazi, ataiona?" Nikasema iko jirani pale pale, ataiona. Nilidhani anataka tutafute daktari wa kutusemea.

Asubuhi moja niko darasani, jirani yake akaja mlangoni, anahema.

"Mwalimu, kuja mbio. Mudogo yako alianguka kwa bokilo yake. Balimupeleka ku hospitali. Bameshasema ni apendisi."

"Apendisi gani?" nikasema. "Hana apendisi! Ya kwake iko Ulaya!"

Watoto wa darasa wakaangua kicheko. Mimi miguu ilikuwa tayari njiani.

Nilivyofika, nilikuta benchi la korido limejaa: mama-mkwe, shangazi, tonton wangu na baiskeli yake. Safari hii kila kitu kilifanywa kama inavyotakiwa. Mdogo wangu alikuwa ameanguka uani mbele ya mama-mkwe, ameshika tumbo upande wa kuume, anatapika. Ule ugonjwa aliujua, alishaupata, hakukosea hata dalili moja. Mama yule ndiye aliyepiga kelele kuita watu, ndiye aliyemkimbiza hospitali. Daktari alibonyeza, akaachilia, mdogo wangu akalia. Akatazama tumbo, hakuna kovu la kisu. Aliona zile alama ndogo, akauliza, "Hizi ni chale za mganga?" Wagonjwa wengi wanapitia kwanza kwa mganga, wanachanjwa, daktari ameshazoea. Mdogo wangu akatikisa kichwa: ndiyo. Wakubwa wakaulizwa, wakasema ndiyo; ile ya Ulaya hawakuwahi kuiamini. Familia ikaenda kununua nyuzi na glavu, kama kawaida ya siku zile.

Na mume? Mume alikuwako. Alisimama dirishani, mikono nyuma. Yeye peke yake kwenye ile korido, kabla mimi sijafika, alijua kwamba ndani ya tumbo lile hakuna apendisi. Waliposukuma kitanda kumpitisha mbele yake hakusema kitu. Daktari alimpa karatasi ya ruhusa, akaweka saini. Mara ya pili, kwa apendisi moja!

Niligonga mlango wa bloc, chumba cha upasuaji, kwa ngumi. Muuguzi akafungua kidogo.

"Mama, unafanya nini? Balishamufungua."

Balishamufungua. Nikarudi kwa yule bwana, nikampiga kofi, ndiyo, mbele ya mama yake, na beji ya chama ikaruka chini. Mama akashangaa: "Eh! Bokilo! Unapiga mutoto yangu juu ya nini?" Nikasema, "Ngojea daktari atoke. Atakuambia yeye."

Tukangoja. Sijawahi kuchukia mtu kama nilivyomchukia pale, na nilikuwa nasali wakati ule ule, maneno ya sala na matusi yanachanganyikana mdomoni. Watu walikuwa wanakufa mezani miaka ile. Umeme ulikuwa unakatika bila kuaga.

Daktari akatoka. Mikono mitupu, na uso wa mtu aliyetukanwa.

"Nani familia ya huyu mama? Donc, munanichezea? Hana apendisi! Ilitolewa! Imekatwa vizuri sana, na haikuwa jana. Mumeniacha nifungue mutu mwenye alishafanyiwa opération, na hakuna mutu hata mumoja alisema?"

Mama-mkwe akainuka polepole, anashikilia ukuta.

"Docteur. Ilitolewa kweli?"

"Kweli."

"Na uzazi? Balimufunga?"

"Nani amufunge? Uzazi iko muzima. Hakuna kitu kimefungwa. Nimeona na macho yangu."

Mama akabaki amesimama. Akamtazama tonton wangu, akanitazama mimi, kisha akamgeukia mwanawe.

"Wewe ulijua?"

"Mama..."

"Mie ninakuuliza. Ulikuwako, wakati balimutoa?"

Hakujibu, na mama yule akaelewa. Akafungua kitambaa chake cha kichwa, akaketi sakafuni pale pale, sakafu ya hospitali yenye unyevu, akaanza kujipiga mapaja kama mtu aliyefiwa. "Na ulimuacha bamupasue. Na uliniacha mie nikamunyanganya mutoto." Yule bwana akaokota beji yake, akaenda kusimama mwisho wa baraza. Alikaa huko. Chumbani hakuingia.

Mdogo wangu aliamka na midomo mikavu. Neno lake la kwanza:

"Yaya, daktari alisema mbele ya bokilo?"

"Alisema."

"Yote?"

"Yote. Amekwenda mwenyewe kukuletea mutoto."

Akafumba macho, machozi yakashuka mpaka masikioni. Na mimi, badala ya kumfuta, nikamfokea. Nilimwita mwendawazimu. Nilimwambia angekufa. Ungekufa, mjinga wewe, na mutoto angebaki huko huko! Ulishapona! Wazungu walikutoa ile kitu bila kukuchana, ulitembea kesho yake, mimi nililala wiki nzima, na wewe unajipeleka mwenyewe kwa kisu, kutafuta kitu hakuna!

Alingoja nimalize. Alisema kwa sauti ya chini, kila neno linamvuta mshono.

"Nilimupa nafasi, yaya. Nilijua akisema, bataacha kunipasua. Kitanda kilipita mbele yake, nilikuwa ninamutazama. Mpaka mulango ulifungwa nilikuwa ninamutazama."

Nikamletea pamba yenye maji, nikamlowesha midomo.

"Ile ya Ulaya ilinitoa ugonjwa," akasema. "Hii inanirudishia mutoto. Usiniulize tena ile muzuri ni gani."

Jioni ile mama-mkwe akaingia, kichwa wazi, hakumtazama usoni, amemshika binti kwa mkono. Akamwachia mlangoni. Mtoto akasimama kidogo, akaona mama yake, akakimbia mpaka kitandani na kunyoosha mikono juu, kama watoto wote wanavyofanya wakitaka kubebwa. Mdogo wangu akanyoosha yake. Akainama kumwinua, mshono ukamkamata, akatoa sauti ambayo sitaki kuisikia tena, akaanguka kwenye mto. Hakuweza. Mtoto akabaki pale chini, mikono juu, hajui kwa nini mama hambebi.

Nikamwinua mimi, nikamlaza ubavuni mwa mama yake, upande wa kushoto, ambao haujapasuliwa.